Naomba ushauri: nikiacha Altezza nichukue Impreza ya turbo, nitapoteza mlio wa injini?

Mwana_Kamalondo

Jambo wandugu wote. Niko Lubumbashi. Ninaendesha Toyota Altezza ya lita 2.0 isiyo na turbo, gia za mkono. Nguvu yake ni ya kawaida tu, mimi kilichonishika ni sauti. Ukiivuta barabara ya Likasi asubuhi mapema, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika ukishapita 6,000 sauti inapanda, inakuwa kali na safi, na haichoki mpaka 7,600. Redio huwa siwashi.

Sasa kuna mtu hapa mjini ana Subaru Impreza WRX ya 2004, yenye turbo, anataka tubadilishane halafu nimwongezee kidogo. Bodi ni nzima. Kaka yangu mkubwa ananikataza, anasema turbo inaua mlio. Rafiki yangu naye anaapa kwamba turbo ndiyo yenye mlio. Mwenye gari alinipa niizungushe kidogo: ikiwa imesimama inanguruma vizuri sana, ila nilipokanyaga mafuta nikasikia upepo na mluzi kuliko injini yenyewe. Nguvu ilinibana kwenye kiti, hilo nakubali, lakini ile sauti ya kupanda sikuisikia.

Mekanisie mmoja anasema nisiwe na wasiwasi: tutatoa katalisti (kile kisafisha moshi) na sailensa, tuweke filta ya wazi na vali ya kutoa pumzi nje, gari itaimba. Naomba wenye ujuzi mnieleze. Turbo inafanya nini hasa kwenye sauti? Na hayo ya mekanisie niyakubali?

Fundi_wa_Ruashi

Mdogo wangu, kaka yako hajakosea, ila hajamaliza maneno.

Mlio unaoupenda ni mapigo. Kila silinda inapofungua vali ya kutolea moshi, gesi ya moto inatoka kwa kishindo. Kwenye Altezza vishindo hivyo vinapita manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi wa silinda), katalisti na sailensa, kisha viko nje, bado vina makali yao. Kwenye gari ya turbo, kabla havijafika kwenye bomba vinakutana na turbini, kagurudumu kenye mapanga ambako kanazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika injini ikivuta. Kazi ya turbini ni kuchukua nguvu iliyomo kwenye gesi ile ili izungushe kompresa ya upande wa pili, inayosukuma hewa ndani ya injini. Sasa nguvu ikishachukuliwa, na mapigo ya silinda zote yakishachanganywa ndani ya nyumba moja ya turbo, kinachotoka nyuma kimelainika. Ndiyo maana gari ya turbo inaweza kuwa na sailensa ndogo na bado ikawa tulivu. Turbo yenyewe tayari ni sailensa.

Kuna upande wa pili ambao watu wanausahau, nao ni wa kuingizia hewa. Sehemu kubwa ya ule ukali unaousikia ndani ya Altezza haitoki nyuma, inatoka mbele, injini inapovuta pumzi. Kwenye turbo, kati ya sikio lako na vali za kuingizia kuna kompresa, mabomba marefu na intakula, yaani kipoza hewa. Vyote hivyo vinameza sauti ya injini, na badala yake unasikia kompresa ikikata hewa. Huo ndio mluzi wako.

Halafu kuna wembamba wa sauti. Injini ya silinda nne inapiga mara mbili kwa kila mzunguko. Kwenye 7,600 Altezza yako inatoa mapigo kama 253 kwa sekunde. Impreza ukibadilisha gia kwenye 6,500 ni kama 217, na ukweli ni kwamba hutafika huko mara nyingi, kwa sababu turbo inakupa nguvu mapema na mguu unazoea kubadilisha gia chini. Kwa hiyo sauti inabaki nene. Hiyo sauti ya kupanda hukuisikia kwa sababu haimo.

Dereva_Kasumbalesa

Yaya fundi, kaka yetu, amesema kweli. Sisi wa malori tunaishi na huo mluzi. Simama kando ya mlima lori lililopakia shaba likipanda: unasikia kwanza mluzi unakua, halafu ndipo injini yenyewe. Mimi mluzi unanisaidia kazi. Ukibadilika siku moja, hata kidogo, ninasimama niangalie mabomba ya mpira. Kijana, ukinunua ya turbo jifunze kuusikiliza hivyo.

Mshabiki_wa_F1

Huu mjadala hata wakubwa wa dunia wameupitia. Mwaka 2013 magari ya Formula 1 yalikuwa na V8 ya lita 2.4 isiyo na turbo, inafika 18,000. Piga hesabu ya fundi: silinda nane ni mapigo manne kwa mzunguko, yaani 1,200 kwa sekunde. Mwaka 2014 wakaleta V6 ya lita 1.6 yenye turbo moja. Sheria iliruhusu 15,000, lakini mafuta yaliwekewa kikomo cha kilo 100 kwa saa, kwa hiyo madereva hawakuwa na sababu ya kupita 12,000 sana. Hapo ni mapigo 600. Wembamba wa sauti ulishuka nusu nzima, na juu ya hapo kulikuwa na turbini inameza, na bomba lilikuwa moja badala ya mawili.

Mashabiki walilalamika vibaya. Mercedes wakajaribu bomba lenye mdomo mpana kama tarumbeta kwenye majaribio ya Barcelona mwaka huohuo, na halikusaidia kitu cha maana. Kilichosaidia kidogo kilikuja 2016: ile gesi inayorukishwa bila kupita kwenye turbini ikapewa bomba lake hadi nje. Angalia hilo vizuri ndugu, kwa sababu linathibitisha maneno ya fundi. Gesi isiyopita kwenye turbini bado ina sauti yake.

Barabarani ni hivyohivyo. Ferrari 458 ilikuwa inakwenda hadi 9,000, 488 GTB ya turbo iliyoifuata mwaka 2015 ikakomea 8,000. BMW nao kwenye M5 ya 2011 walianza kupitisha sauti ya injini kwenye spika za ndani. Kampuni kubwa kiasi hicho haifanyi hivyo kama hakuna kilichopotea.

Mama_Bel-Air

Naona mnamwogopesha kijana. Mimi nimeendesha Impreza miaka mingi na sauti yake siibadilishi kwa kitu chochote.

Mdogo wangu, ule mngurumo ulioupenda gari ikiwa imesimama hautoki kwenye turbo. Unatoka kwenye manifoldi. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kushoto na mbili kulia, na kwenye WRX za miaka hiyo mabomba ya kutolea moshi hayalingani urefu: ya upande mmoja yana safari ndefu kuliko ya upande wa pili. Silinda zinawaka kwa mpangilio sawa, lakini mapigo yanafika kwenye turbo yamepishana vibaya, mengine yamebanana, mengine yameachana. Sikio linasikia bu-bu, bu-bu. Angalia WRX ya 2015 yenye injini ya FA20: bado ina turbo, ila mabomba yamelinganishwa urefu, na mngurumo ule ukaondoka. Injini ilipenda hivyo, maana gesi inafika kwa utaratibu. Masikio ya watu hayakupenda.

Kwa hiyo usiseme gari haina mlio. Ina mlio wake, na unasikika chini, kwenye 2,500 mpaka 4,000, pale ambapo hapa mjini ndipo unapoendesha kila siku. Altezza kwenye 3,000 inakuambia nini?

Mwana_Kamalondo

Aksanti sana mama, na yaya fundi, na wote. Sasa nimeelewa kilichotokea siku ile. Kwenye 3,000 kweli Altezza imelala, hilo siwezi kubisha. Limebaki lile la mekanisie: katalisti, filta ya wazi na vali ya pshh.

Fundi_wa_Ruashi

Nianze na vali, maana ndiyo inayowadanganya vijana. Ukiachia mafuta, kipepeo cha hewa kinafunga wakati kompresa bado inasukuma. Hewa ile inahitaji pa kwenda. Vali ya kiwandani inairudisha kabla ya kompresa, taratibu, bila kelele. Vali ya kutoa nje inaitupa hewani, ndiyo pshh. Shida ni kwamba WRX inapima hewa kwa sensa iliyo mwanzoni kabisa. Kompyuta imeshaihesabu hewa hiyo na kuipimia esansi (petroli), na wewe umeitupa. Kila unapobadilisha gia, esansi inazidi, moshi mweusi unatoka, injini inasita. Unanunua sauti kwa kuharibu uendeshaji. Acha ya kiwandani.

Filta ya wazi ni kweli inatoa mluzi wote nje, na inapendeza sikioni. Lakini tuko Lubumbashi. Kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua zirudi, vumbi letu jekundu linaingia kila mahali. Filta ikiwa ya bei rahisi au haikukazwa vizuri, vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye kompresa. Wiki hii nimeshika mkononi turbo ya namna hiyo: mapanga yalikuwa yameliwa kwenye ncha, kingo zimekuwa butu na zina meno kama za msumeno, na mhimili unacheza ukiutikisa kwa vidole viwili. Boksi la filta la kiwandani libaki, na filta ubadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Katalisti ukiitoa sauti inakua, ni kweli, na harufu inakuingia ndani ya gari, na majirani watakujua kwa jina. Pia gesi ikipita bila kizuizi, presha ya turbo inaweza kupanda kuliko kompyuta inavyotaka. Kama unataka sauti, badilisha kuanzia nyuma ya katalisti tu: bomba pana kidogo na sailensa nzuri, weka la chuma kisicho na kutu ukiweza. Gari ya turbo inalipokea vizuri zaidi kuliko Altezza, kwa sababu turbini inafurahia nyuma yake kukiwa wazi. Ila manifoldi ile ya urefu usiolingana usiiguse, ndimo mngurumo ulimo.

Na mtu akikuambia akutengenezee programu ya kupiga risasi nyuma ukiachia mafuta, kataa. Hiyo ni esansi inawaka ndani ya manifoldi, na moto wake unakula turbini na vali.

Kolwezi_Express

Neno moja ambalo halijasemwa. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, huku Kolwezi tuko juu zaidi. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu au zaidi. Turbo inafidia: inazunguka kasi zaidi ili kufikisha presha ileile. Kwa hiyo Altezza yako huku haijawahi kukupa nguvu yote ya kwenye karatasi, ingawa sauti imekupa yote.

Mwana_Kamalondo

Nimeamua kwenda kuiangalia tena, na Altezza siiachi mpaka nimejiridhisha. Yaya fundi, nikifika nisikilize nini?

Fundi_wa_Ruashi

Mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika, injini uikute baridi. Ukiwasha, sikiliza tik-tik ya haraka karibu na manifoldi: ikisikika baridi kisha ikaisha injini ikipata moto, ni gaskiti inavuja au manifoldi ina ufa, linatengenezeka. Kishindo kizito chini ya injini, ondoka, usijadili bei. Barabarani funga vioo halafu vifungue. Mluzi mwembamba unaopanda pamoja na nguvu ni sawa. Ukisikia kama king'ora, mhimili wa turbo umechoka. Ukisikia fyuuu nguvu haiji, kuna bomba la mpira limepasuka au limechomoka. Moshi wa bluu ukikanyaga tena baada ya kuachia, oili inapita mahali. Mwisho, kabla hujazima, iache ingurume kidogo ipoe, na umtazame mwenyewe: kama anashangaa kwa nini unasubiri, ujue turbo hiyo amekuwa akiizima ikiwa ya moto.

Ukipata siku, niandikie ndani, tutakwenda pamoja.