Daktari kashasaini kemo ya mama, mfamasia kaizuia na dozi ikapunguzwa. Hii imekaaje wakuu?

BintiKilombero

Habari za jioni wakuu, naombeni mwenye uelewa anisaidie maana hapa nilipo nina hasira hata sijui nianzie wapi. Mama yangu mzazi ana miaka 61, ana kansa ya ovari, tulimtoa Ifakara tukamleta Dar kwenye hospitali moja kubwa (jina naliacha), anapewa kemo kila baada ya wiki tatu, dawa mbili za dripu, paklitakseli na kaboplatini. Sindano ya kwanza na ya pili zilienda vizuri tu ukiacha kutapika na nywele kuisha. Leo ilikuwa zamu ya tatu. Tumefika alfajiri, damu ikatolewa, tukamwona daktari, akaandika akasaini, tukaambiwa kakaeni kule kwenye viti vya dripu dawa inatengenezwa. Tumekaa weee mpaka saa saba mchana wenzetu wanawekewa sisi hatuitwi. Mara anatoka kijana mmoja kavaa koti anasema yeye ni mfamasia, anampandisha mama kwenye mzani upya, anampima na urefu, halafu anaanza kumhoji, nyumbani unatumia dawa gani, mkojo unatoka vizuri, vidole vinakufa ganzi, mitishamba je, nikajua ni mwanafunzi yuko fildi. Akaondoka na faili kwenda kwa daktari, aliporudi anatuambia leo mama hapewi dawa, mrudi wiki ijayo, na dozi imebadilishwa. Nikachungulia ile karatasi, kaboplatini iliyokuwa 525 imekatwa imeandikwa 325!!

Sasa hivi jamani mfamasia ana mamlaka gani ya kumpinga daktari bingwa? Mimi ninayemjua ni yule wa dirishani anakupa dawa anakwambia kutwa mara tatu. Na hizo miligramu 200 zimeenda wapi, mama anapunjwa au bima imegoma? Gesti tunalipa wenyewe, dada yangu anasema tuhame hospitali kabisa.

Mzee wa Buza

Pole sana binti. Hapo pana harufu ya biashara, dawa imeisha stoo hawataki kusema ukweli. Nchi hii bwana.

chupa_na_lebo

Dada pole kwa usumbufu na mpe mama pole. Mimi ni mfamasia, niko kitengo cha saratani, siyo hospitali yenu naona (ingawa sote tunafahamiana kidogo, tuko wachache). Kabla sijasema kitu naomba utupie hapa majibu ya damu ya leo, mstari wa kreatinini (kipimo cha figo) na wa plateleti (chembe za kugandisha damu), na uzito wa mwanzo na wa leo. Jina la mama usiweke. Na ule mgongo au magoti, kuna dawa ya maumivu anameza?

BintiKilombero

Kreatinini mwanzoni 70, leo 118. Plateleti imeandikwa 72 na kimshale cha kushuka. Uzito ulikuwa 68 leo ni 57, ila tumbo lilikuwa limejaa maji yakatolewa. Urefu 160. Dawa ya maumivu nimemuuliza sasa hivi, anasema ni diklofenaki, ananunua duka la jirani ya mgongo, na hata yule kijana alimwambia aache. Umejuaje?

chupa_na_lebo

Nimekisia kwa sababu figo hazipandishi kreatinini hivi hivi. Diklofenaki, kutapika, kutokunywa maji, hivyo vitatu vikikutana kwa mtu wa miaka 61 majibu yake ndiyo hayo, na ninayaona karibu kila kliniki.

Sasa twende kwenye hesabu maana swali lako linajibika kwa kalkuleta ya simu. Kaboplatini siyo dawa ya kupimwa kwa kilo kama panado ya mtoto, inapimwa kwa nguvu ya figo kwa sababu figo ndizo zinazoitoa mwilini. Kuna kanuni ya Calvert ya mwaka 1989, unachukua kiwango cha usafishaji wa figo unaongeza 25, halafu unazidisha na namba ambayo daktari kaichagua kulingana na kiasi cha dawa anachotaka mwilini, mara nyingi 5 au 6. Kwa mama inaonekana walichagua 5. Usafishaji wenyewe unakadiriwa hivi: 140 toa umri, zidisha kwa uzito, kwa mwanamke zidisha tena 1.04, gawanya kwa kreatinini. Mwanzoni: 79 mara 68 mara 1.04 gawanya 70, inakuja kama 80. 80 jumlisha 25 ni 105, mara 5 ni 525. Umeiona 525 yako? Leo: 79 mara 57 mara 1.04 gawanya 118, inakuja kama 40. Jumlisha 25 ni 65, mara 5, 325.

Mzee wa Buza nakuheshimu, na dawa kuisha stoo kweli kunatokea, sitakudanganya. Lakini anayepunguza kwa sababu stoo haina haangukii kwenye 325 kamili ya kanuni. Hapo mtu alikaa akapiga hesabu.

Angeacha 525 ingekuwaje? Dawa ingekaa mwilini mwa mama muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa na kaboplatini inapiga plateleti kuliko kitu kingine, zinafika chini kabisa kama wiki ya tatu hivi. Ana 72 leo, wengi tunataka 100 ndiyo tumwekee. Ukimpa juu ya 72 na figo za 40, wiki mbili tatu mbele unamwona anatoka damu kwenye fizi au puani na anatafutwa mchangiaji wa damu usiku. Ndiyo maana ya kusogeza wiki moja. Paklitakseli nayo itashuka kidogo, hiyo inapimwa kwa eneo la mwili kutokana na uzito na urefu, na ndiyo sababu alimpima urefu, kwa kipimo cha kawaida cha miligramu 175 kwa kila mita ya mraba ilikuwa kama 304 sasa ni kama 279. Vidole kufa ganzi alikouliza pia ni kwa ajili yake, inasumbua mishipa ya fahamu, na ikizidi dozi inaguswa tena.

Kuhusu kumpinga daktari. Hakumpinga. Daktari inaonekana aliandika kwa uzito wa mwanzo na damu ya nyuma kwa sababu majibu ya asubuhi yalikuwa bado maabara, ni kawaida kabisa kliniki ikiwa na foleni ya watu hadi nje. Ndiyo utaratibu ulivyowekwa, kemo haitengenezwi mpaka jicho la pili lipitie. Mfamasia hana ruhusa ya kubadilisha dozi mwenyewe, alikwenda na faili, wakakubaliana, daktari akakata akaandika upya. Angalia pembeni ya ile 325, kama kuna saini ya daktari basi kila kitu kiko sawa. Kama haipo rudi uulize, una haki hiyo.

Sista wa Mchana

Naunga mkono hapo juu, mimi ni nesi wa dripu. BintiKilombero kitu ambacho ndugu hawakioni ni kile chumba cha nyuma. Mfamasia akiingia kule anavaa gauni lisilopitisha maji, glavu mbili mbili kila mkono, barakoa, anakaa mbele ya kabati la kioo linalovuta hewa ndani ili mvuke wa dawa usimrudie usoni, na hapo hachezi na simu. Kila kitu kinaangaliwa na mtu wa pili, lebo, jina, namba ya faili, dripu ya aina gani. Kuna dawa ukiichanganya kwenye dripu isiyo yake imeharibika, oksaliplatini lazima iwe kwenye dekstrosi, sisplatini inataka maji ya chumvi, na paklitakseli haitaki mfuko wa plastiki wa kawaida. Nyingine zikishatengenezwa haziwezi kukaa hadi kesho na kichupa kimoja ni hela nyingi, kwa hiyo hatutengenezi mpaka majibu yatoke. Ndiyo maana mnasubiri hadi saa saba na mnatutukana sisi manesi.

Nilikaa wodi ya watoto kabla. Kule kuna dawa ya vinkristini ambayo inaingia mshipani tu, ikichomwa kwenye uti wa mgongo kwa bahati mbaya mtoto anapoteza maisha, na watoto wale wale wanachomwa metotreksati kwenye uti wa mgongo. WHO walitoa tahadhari mwaka 2007 kwamba vinkristini iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya sirinji, kwa sababu mfuko huwezi kuuchoma mgongoni hata ukichoka vipi. Mfamasia wetu alikuwa anakataa kabisa kuzitoa hizo mbili saa moja. Madaktari vijana walikuwa wanamwona msumbufu. Mimi nilikuwa nampenda.

Kiprono_254

Wasalimie mama. Huku kwetu Eldoret, mzee wangu yuko na kansa ya damu ile ya CML, humeza imatinibu kila siku, na amekuwa sawa miaka mingi tu. Sasa mwaka jana akapatikana na TB kwa hosi nyingine ya karibu na nyumbani, akaanzishwa dawa za TB, sisi hatukuwaza chochote. Siku ya kliniki mfamasia akamwuliza tu, mzee kuna dawa mpya? Mzee akatoa pakiti kwa mfuko wa koti. Wacha yule mama mfamasia asimame! Kumbe rifampisini ya TB inafanya ini lichome imatinibu haraka sana, zaidi ya nusu ya dawa inapotea, yaani mzee anameza kila siku na ni kama hamezi ya kutosha. Wakapigiana simu na watu wa TB, dawa zikapangwa upya, na vipimo vya damu wakavileta karibu karibu. Daktari wa TB alikuwa anajua TB, daktari wa kansa alikuwa anajua kansa, mwenye alikuwa anaangalia meza yote ya dawa ni huyo mfamasia pekee. Pia balungi alikatazwa, hiyo ilimuuma kuliko TB.

Mzee wa Buza

Sawa nimeelewa, hesabu nimeipiga na mimi imekuja ile ile. Ila wajifunze kuwaeleza ndugu, siyo mtu anatoka na koti anasema hachomwi anaondoka.

chupa_na_lebo

Hapo mzee umenishika, sina cha kubisha. Dakika mbili za kumwonyesha binti hiyo 80 na hiyo 40 zingemaliza kesi, na uzi huu usingekuwepo.

phamacist_mtarajiwa

Samahani kuingilia uzi, niko mwaka wa tatu famasia. Hii kazi mtu anaifikiaje maana kwetu wote wanaongelea kufungua duka

chupa_na_lebo

Digrii miaka minne, mwaka wa intanshipu, usajili wa Baraza la Famasi, hapo bado hujawa wa saratani. Omba intanshipu yako au hata wiki chache sehemu yenye kliniki ya saratani, Ocean Road, Bugando, KCMC, ukae na chati za wagonjwa. Halafu uzamili wa famasia ya kliniki. Wamarekani wana mtihani wao wa bodi wa famasia ya saratani, huku kwetu unajengwa zaidi na kazi yenyewe. Duka lina hela zaidi, nisikufiche.

BintiKilombero

Nimemsomea mama uzi wote, amecheka kwenye balungi. Saini ya daktari ipo, nimeiona. Dada nimemtuliza, hatuhami. Swali la mwisho kaka, hii wiki moja tukiwa gesti tufanye nini, na siku ya kurudi nije na nini?

chupa_na_lebo

Diklofenaki imeisha leo, na usimbadilishie ibuprofeni ni ndugu mmoja, maumivu yakizidi rudini kwa daktari mpewe kitu kingine. Maji anywe, kama daktari hakumwekea kikomo. Nunua kipima joto, ni bei ndogo. Akifika 38 usimpe panado alale mkaangalie asubuhi, muda huo huo mnakwenda hospitali hata kama ni saa nane usiku, na mlangoni useme wazi kwamba yuko kwenye kemo, usisubiri kuulizwa. Kwenye mswaki achague laini, na akiona vidoadoa vyekundu miguuni au damu popote msingoje hiyo wiki iishe.

Siku ya kurudi beba kila kitu anachomeza kwenye mfuko mmoja, na makopo yake, usiseme kwa mdomo tu. Hata ile chupa ya mitishamba ambayo shangazi alileta, najua ipo.

Sista wa Mchana

Na siku akishawekewa, ukirudi naye gesti siku mbili za mwanzo ukishika matapishi au mkojo wake vaa glavu, choo mkivute mara mbili kifuniko kikiwa kimefungwa, kama ni cha shimo kifunikwe. Nguo zikichafuka zifuliwe peke yake. Kama kuna mjamzito hapo kwenu asizishike kabisa.

BintiKilombero

Chupa ipo kweli 😂 ya shangazi wa Mahenge. Nitaileta.