Kigari kisicho na dereva kimenidhalilisha kwenye zebra mchana kweupe

Wakuu, naandika mikono inatetemeka kwa hasira. Kampuni siitaji, mnaijua. Ni hao hao wa magari meupe yenye kidude kinachozunguka juu ya paa, kama mtu kajitwisha birika. Kwa tulio San Francisco hakuna asiyewajua, ukimwaga maji dirishani yanaangukia gari lao.

Niko zebra ya mtaa wa Valencia, mkono mmoja furushi la nguo natoka kufua, mwingine kahawa. Gari likaja, likasimama. Safi. Nikaanza kuvuka, likasogea. Nikasimama, nalo likasimama. Nikainua mguu, likasogea tena. Tumekaa hivyo mpaka nadhani serikali ilibadilika. Nyuma yangu bibi wa Kichina na kitoroli chake anasubiri niamue.

Sasa mimi nimekulia Temeke. Kwetu mkishindwana na dereva unamtazama usoni, unampungia mkono, anakuwashia taa, mnaachana kwa amani. Nikapunga mkono. Nikatabasamu kabisa. Nikasema, "Pita tu kaka." Kuangalia vizuri: KITI.

Kiti kitupu wakuu! Usukani unajizungusha wenyewe. Nimekipungia mkono kiti. Na nyuma kuna abiria, dada mmoja kashika simu ananirekodi, kacheka mpaka miwani imemdondoka.

Halafu nilipoamua kuvuka kiume, nalo ndipo likaamua. Limenipitia mbele ya vidole vya miguu, kahawa yote kwenye fulana. Ningemtukana nani? Kiti? Ambacho nimeshakiita kaka?

Kampuni ifungwe. Sina hoja nyingine. Nimekiita kiti KAKA.

Mzee wa Kona: Nimefika "pita tu kaka" nikamwaga chai. Weka video mkuu, yule dada lazima keshairusha.

Bi Harusi Mtarajiwa: Kiti kiliitikia?

Mjukuu wa Chifu: Mleta mada acha ushamba. Lile gari lina kamera na leza pande zote, limekuona tangu unatoka kufua. Kazi yake ni kukisia unaelekea wapi. Sasa wewe mguu mbele, mguu nyuma, mikono juu, hata mama yako mzazi asingejua kama unavuka au unacheza mdundiko.

Mleta mada: Mjukuu wa Chifu usinipandishe presha. Limeniona, sawa. MIMI nimemuona nani?

Nyuki Dume: Msicheke sana. Machi 2018 kule Tempe, Arizona, gari la majaribio lilimuua mama aliyekuwa anavuka usiku akikokota baiskeli. Uchunguzi wa serikali ukaonyesha mfumo ulimnasa sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, ukabaki kubadili mawazo: mara gari, mara kitu kingine, mara baiskeli. Haukuandaliwa kabisa kufikiria mtu anayevuka pasipo na zebra. Na ndani alikuwemo mtu wa kulisimamia, macho kwenye simu.

Bi Harusi Mtarajiwa: Kwa hiyo mleta mada shukuru ulitambulika kuwa ni binadamu.

Nyuki Dume: Na Oktoba 2023 hapo hapo San Francisco mama kagongwa na gari la mtu, akarushwa mbele ya lisilo na dereva, nalo likamburuta kama mita 6. California ikaisimamishia kampuni yake kibali mwezi huo huo. Ila hao ni kampuni nyingine, walishafunga virago.

Mzee wa Kona: Nyuki umetuharibia uzi wa kucheka.

Fundi Saa: Dawa ni koni. 2023 vijana wa hapo SF walikuwa wanaliwekea koni ya barabarani juu ya boneti, gari linaduwaa palepale mpaka mtu aje aitoe.

Mleta mada: Koni nitaishika na mkono gani, na nimebeba nguo? Mnakwepa mada. Kilikuwa KITI.

Kachori Baridi: Huna uhakika mkuu. 2017 kule Arlington, Virginia, watafiti wa chuo walimvika mtu vazi la kiti cha gari, akazunguka mitaani anaendesha, ili waone waenda kwa miguu watafanyaje.

Bi Harusi Mtarajiwa: 😂😂 Basi kaka alikuwemo!

Wa Tom Mboya: Sisi Nairobi tunaomba hilo gari liletwe mtaa wa Tom Mboya dakika tano tu. Litangoja watu waishe mpaka betri ikufe.

Fundi Saa: Hayo magari yana visa. 2024 yalikuwa yanapigiana honi yenyewe kwa yenyewe saa kumi usiku kwenye maegesho, ndani hamna mtu, majirani hawalali.

Mleta mada: Kumbe honi yanazo! Mimi nimenyimwa hata moja ya pole.

Shangazi Kigogo: Mnalalamikia gari linalosimama? Huku Dar zebra ni mapambo. Ukisimama pale bodaboda anakuona umekuja kumsindikiza.

Mzee wa Kona: Shangazi usiwaguse bodaboda, ndio wanatufikisha kazini.

Shangazi Kigogo: Wanatufikisha Muhimbili. Siku hizi wanapita hadi juu ya njia ya miguu, na honi anakupigia wewe umpishe.

Wa Tom Mboya: Huku pia. Na ukimwangalia vibaya wanakuja kumi.

Kachori Baridi: Mimi wiki iliyopita Kariakoo, niko katikati ya zebra, boda kanipitia juu ya kidole gumba. Kasimama mbele, kageuka, nikajua anaomba radhi. Ananiambia, "Bosi, twende wapi?"

Shangazi Kigogo: Ukamfanyaje?

Kachori Baridi: Nilikuwa nachechemea shangazi, ningefanyaje. Nikapanda. Mpaka Ilala Boma, buku tatu.

Mzee wa Kona: Kariakoo mpaka Boma buku tatu? Mkuu umegongwa mara mbili.