Herufi S kwa watoto wa miaka 4: samaki wa sambaza kwanza au daftari kwanza?

Madamu wa Kadutu:
Jambo kwenu wote. Nafundisha shule ya chekechea hapa Bukavu, watoto wa miaka 4. Wengi wanaimba alfabeti ya Kifaransa toka A mpaka Z bila kukwama, mikono kiunoni, wazazi wanapiga makofi. Lakini nikiandika S peke yake ubaoni na kuuliza hii ni nini, kimya. Au mmoja anaanza wimbo upya toka A ili aifikie.

Wiki ijayo nataka kuifundisha kwa mchezo. Nimechagua sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, maana hakuna mtoto wa hapa asiyewajua: wanawaona kwenye mabeseni ya akina mama sokoni, jioni wanawala na bugali. Visamaki vya katoni nimeshakata. Sasa mchezo wa kuvua peke yake hautashika wiki nzima, niongeze nini? Halafu kuna wazazi. Mtoto akirudi nyumbani bila kurasa mbili za S kwenye daftari, kesho yake asubuhi mama yuko mlangoni anauliza jana mlikuwa mnafanya nini. Walimu wa siku nyingi, nisaidieni.

Bibi wa Nguba:
Binti yangu, sambaza umechagua vizuri. Mimi nimestaafu, ila magoti yangu bado yanakumbuka vile viti vidogo.

Anza na sauti, jina la herufi liache. Wimbo unawapa "es", na hiyo "es" haimsaidii mtoto kusoma sabuni. Wewe sema "ssss", ivute mpaka pumzi iishe. S inavutika, ndiyo uzuri wake. Jaribu kuivuta P uone. Siku ya kwanza usiandike chochote. Leta kikapu: sabuni, sahani, sukari kidogo kwenye karatasi, tawi la sombe (majani ya muhogo), na sambaza wakavu (wafunge vizuri, paka wa shule wana pua). Mtoto anatoa kitu, anakitaja, anaivuta S. Changanya na kijiko na ndizi, na wewe mwenyewe jifanye umesahau, sema "ssss-ndizi". Hakuna kinachowafurahisha kama kumkamata madamu.

Ila usitie shati wala shuka humo kikapuni. Kwenye maandishi zinaanza na S, lakini sikio la mtoto linasikia sauti nyingine, na sikio lake liko sawa. SH ina siku yake.

Siku ya pili, ziwani. Wakalishe chini safu tatu: hiyo ni mitumbwi mitatu ya wavuvi iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Mafagio mawili yanatosha kuwa miti. Funga madirisha, kwa sababu sambaza huvuliwa usiku, wanaifuata taa. Umeme ukiwa umekatika, vizuri zaidi. Wanapiga kasia huku wakiimba sa, se, si, so, su. Unawasha tochi, unamulika kisamaki kimoja. Kina S? Ni chetu, kiingie kwenye wavu. Kina O au M? Kirudi majini. Wasikilize wanavyobishana, hapo ndipo utajua nani anaijua S na nani anafuata sauti ya jirani.

Z usiitie kwenye ziwa hilo kabisa wiki ya kwanza, wala 5, wala 2, zinafanana mno na S. Na mtoto akiandika S iliyogeuka, kalamu nyekundu iache mfukoni. Kikombe ni kikombe, mkono wake ukitazama kushoto au kulia; herufi ndiyo inayokuja kumwambia kwamba safari hii upande una maana. Wengine wanageuza mpaka miaka 6 au 7, na wanasoma vizuri tu.

Sasa mkono. Hapa mimi nawaacha sambaza naenda Ngomo, kwenye ile barabara ya mlimani yenye kona nyingi. Chora S kubwa uani kwa makala (makaa), urefu wa hatua tatu za mtu mzima. Tafuta lori la kuchezea, hata la kopo lenye magurudumu ya vifuniko vya soda. Lori linatoka Bukavu linateremka Kamanyola: linaanza juu upande wa kulia, linakata kona ya kushoto, linakata ya kulia, linaishia chini. Kupanda marufuku, barabara ni nyembamba, malori yatagongana! Mtoto anayesukuma lori hilo kwa magoti anajua S inaanzia wapi kabla hajashika kalamu, na hilo ndilo gumu la S. Baadaye kidole kwenye mchanga uliotandazwa kwenye sinia. Kalamu ngoja Ijumaa.

Wapo wanaopanga maharage juu ya herufi. Mimi sitaki. Lazima yuko mmoja atakayeingiza puani, na itakuwa siku ambayo direktrisi ana wageni.

Papa Sifa:
Mimi ni mzazi tu, nitasema wazi. Mwaka jana daftari la mtoto wangu lilijaa S kurasa nzima, tukafurahi. Kumbe ni nukta za madamu wake, mtoto anapita juu tu. Nikamwonyesha S kwenye gazeti, hakuijua. Kwa hiyo kurasa siombi tena. Lakini tunalipa, madamu, tupatie kitu tunachoweza kukiona.

Bibi wa Nguba:
Papa Sifa ana haki. Madamu, siku ya tatu kila mtoto aende nyumbani na kisamaki kimoja chenye S, atafute mwenzake: kwenye karatasi ya sabuni, mfuko wa sukari, popote. Wakate, arudi nayo, mbandike kwenye daftari. Daftari linajaa, na mama amefanya kazi na mtoto wake bila kuitwa mkutanoni.

Mwalimu wa Bagira:
Shikamoo bibi. Kwangu yuko Cécile. Tulipowaita wenye majina ya S wasimame, Safi akasimama, Salomon akasimama, naye akasimama. Nimkalishe?

Bibi wa Nguba:
Marahaba. Asikae! Amesikia vizuri kuliko wote. Kwenye mchezo wa sikio asimame na wenzake, kisha mwonyeshe kadi ya jina lake umwambie sauti ni hiyo ila huku imeandikwa na C. Kifaransa kina mambo yake: neno "rose" wanaandika S, wanasoma Z. Kiswahili hakitusumbui hivyo, ndiyo maana mimi naanzia huku.

Madamu wa Kadutu:
Aksanti sana, bibi. Wavu ninao, chandarua cha zamani kimetoboka hakina kazi. Lori nitamwomba mwanangu mkubwa, anayatengeneza ya bidoni. Papa Sifa, nimekusikia. Moja tu la mwisho: baada ya S nichukue ipi?

Bibi wa Nguba:
M. Nayo inavutika, na mama, maji, maharage, makala, vyote viko nyumbani kwa kila mtoto. Z isikuone kabla ya Pasaka.