Kuvaana uso kwa uso angani: kuna adabu yoyote?

Kipanga_Temeke
Wakuu, kwema? Jana kwenye War Thunder, lile gemu la ndege za vita, nilikuwa na Zero, A6M2, ndege ya kivita ya Kijapani, nimekaa juu vizuri. Ikaja P-47 ya Kimarekani imeninyooshea pua. Nikaona aibu kumkwepa, nikamnyooshea na mimi. Sekunde mbili tatu hivi, mimi nawaka moto, yeye anapita zake na vitundu bawani. Nikamwandikia kwenye chati "huna adabu, pigana kiume". Akacheka tu. Tukicheza na washkaji wawili wawili tumekatazana: mkikutana mara ya kwanza hakuna kurusha risasi. Wengine hamna sheria hiyo?

FundiMkia
Sheria hiyo ni yenu, yeye hakuwepo kikaoni.

Ndugu yangu, P-47 ina bunduki nane za milimita 12.7, na injini yake ya silinda 18 inapozwa kwa hewa, hakuna rejeta ya kutoboka. Zero yako haina hata bamba la chuma mgongoni mwa rubani, na matangi ya mafuta hayajizibi yakitobolewa. Mizinga yako miwili ina risasi 60 kila mmoja. Ulienda kupigana vichwa na nyati!

Halafu piga hesabu. Kila mmoja akiwa na kilomita 450 kwa saa, mnakaribiana mita 250 kila sekunde. Kutoka mita 800 mna sekunde tatu tu. Toka mapema, mkiwa bado kilomita moja na nusu. Shuka kidogo chini ya pua yake, na akikaribia kukupita ndipo ukate kona. Kwa kona hakuwezi.

Bi_Rubani
"Kiume" iache, mimi wengi nawashusha hivyohivyo. 😄

Mwishoni mwa 1942 marubani wa Kijerumani, akiwemo Egon Mayer, walianza kuzivamia B-17, ndege za mabomu za Kimarekani, kwa mbele, maana huko bunduki zilikuwa chache. Wamarekani hawakuandika kwenye chati. Toleo jipya, B-17G, likaja na bunduki mbili chini ya pua.

Ila mimi mwenyewe siku hizi nakwepa. Pingi yangu, yaani intaneti inavyochelewa, ni milisekunde 190: naona kabisa risasi za adui zimepita pembeni, mara bawa langu linang'oka.

Kipanga_Temeke
Nimejaribu leo. Wa kwanza nimemkwepa, nikakata kona, nikamkuta mbele yangu kama kuku. Wa pili nilishuka chini ya pua yake vizuri kabisa, nikasahau kuna mlima.

FundiMkia
Huo nao hauna adabu.