Baba alifariki bila cheti cha kifo na dirisha la mkopo linafungwa baada ya siku 11. Tuwasilishe hivyo hivyo?

Binti Masasi

Habari za jioni wadau. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kuomba mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, akiwa na karatasi pungufu. Nitaeleza kirefu kidogo maana mambo yameshikana.

Mdogo wangu wa mwisho amemaliza kidato cha sita mwaka huu, PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), kapata daraja la pili. Yuko kijijini na mama, wilaya ya Masasi. Mimi nipo Dar, nashona nguo Buguruni, na ndiye niliyetuma hela ya maombi. Dogo alikwenda mjini kwenye steshenari moja akajaziwa fomu. Juzi nikamwambia anipigie picha kila ukurasa anitumie, nikakaa nazo usiku nikizisoma. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Sehemu ya wazazi imejazwa kwamba baba na mama wote wako hai. Baba yetu tulimzika 2019. Aliyemjazia alimwambia, "Ukiandika amefariki mfumo utadai cheti cha kifo na wewe huna, weka yuko hai twende mbele." Tulichonacho ni kibali cha mazishi tu, kimekunjwa mara nne kwenye mfuko wa nailoni, mama anakitunza pamoja na risiti za korosho. Cheti cha kifo hatukuwahi kukata. Hatukuwa na mirathi ya kugombania, hakuna aliyetuambia kuna haja.

Halafu jina la baba kwenye vyeti vya dogo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athuman, cheti cha kidato cha nne kinasema Athumani. Namba ya simu na barua pepe zilizofungulia akaunti ni za mwenye steshenari, na neno la siri analo yeye.

La mwisho ndilo linaloniumiza zaidi. Mama amekataa kuwa mdhamini. Mwaka jana jirani yetu aling'olewa mabati na watu wa mikopo ya kausha damu, mama akiwa amesimama uwanjani anaangalia. Sasa akisikia mkopo na udhamini kwenye sentensi moja, anaingia ndani. Ananiambia, "Hii nyumba ndiyo kaburi la jasho la baba yenu, siiwekei dole gumba."

Ada ya maombi imeshalipwa, ila bado hatujawasilisha. Zimebaki siku 11. Tuwasilishe ilivyo halafu turekebishe baadaye, au tufanyeje?

Finalisti

Dada wasilisha kwanza. Dirisha likifunga umekosa kabisa. Hayo ya baba utayaeleza kwenye rufaa, wengi wanafanya hivyo.

Mzee wa Newala

Binti, pole kwa msiba, hata kama ni wa siku nyingi. Nimekuwa mtendaji wa kijiji miaka 17, sasa nimestaafu, na barua za namna hii nimeandika nyingi sana. Usimsikilize kijana hapo juu. Fomu hiyo mdogo wako anaitia sahihi mbele ya wakili au hakimu, anaapa kwamba yaliyomo ni kweli. Leo aape baba yuko hai, kesho kwenye rufaa alete cheti cha kifo cha 2019? Atakuwa ameonyesha kwa mkono wake kwamba aliapa uongo.

Na siku 11 zinatosha mkianza kesho asubuhi. Mama achukue kibali cha mazishi halisi na nakala mbili. Aende kwa mtendaji wa kijiji, apewe barua ya kumtambulisha kuwa ni mjane wa marehemu na kwamba marehemu alizikwa hapo kijijini. Kisha aende ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Usajili wa vizazi na vifo wilayani uko chini ya Katibu Tawala wa Wilaya, na kila mtu pale ofisini anaujua mlango huo. Kwa kuwa muda wa kawaida wa kusajili kifo umepita, itakuwa usajili wa kuchelewa: kuna fomu, kuna maelezo ya ziada na kuna malipo. Aende na kitambulisho chake na cha marehemu kama kipo.

Mtu akiwaambia mlete muhtasari wa kikao cha ukoo, mwambieni kwa heshima kwamba hamfungui mirathi, na mumuulize kama kwa cheti cha kifo kinahitajika kweli. Nimeona wajane wengi wakipotezewa wiki nzima kuitisha kikao kwa ajili ya cheti cha kifo.

Jambo moja la kushika sana: kabla karani hajaandika, mama ataje jina la marehemu kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne cha mtoto. Athumani, yenye "i". Dogo awepo, aandike kwenye karatasi na ampe karani aone kwa macho.

Mwalimu wa Malezi

Mzee amemaliza upande wa vifo. Mimi niongeze upande wa mfumo, maana kila mwaka nakaa na wanafunzi wangu kwenye hili.

Akaunti ya OLAMS, ule mfumo wa HESLB wa kuombea mkopo mtandaoni, inafunguliwa kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne. Ni ya mdogo wako, si ya steshenari. Kesho aende pale, kwa upole, aombe neno la siri, na akiwa hapo hapo abadilishe simu na barua pepe aweke zake. Akikataliwa, wapigieni dawati la msaada la HESLB, au aende ofisi yao ya kanda Mtwara mjini akiwa na cheti cha kidato cha nne na kitambulisho. Lisiachwe hili. Taarifa zote zitakuja kwenye simu ile, hata ya kuambiwa ombi lina kasoro.

Kuhusu baba kuandikwa hai, tofauti na mzee nitaeleza kwa nini linawaumiza ninyi wenyewe. Kiasi cha mkopo kinatokana na upimaji wa uwezo wa familia. Yatima wa mzazi mmoja ambaye mama yake ni mkulima, na mtoto mwenye wazazi wawili ambao kazi zao zimeandikwa nusunusu, hawapimwi sawa. Mmeandika kitu kinachowapunguzia haki kwa kuogopa karatasi moja. Angalieni pia kama kaya yenu iko TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kama ipo, namba ya kaya iingizwe, wengi huisahau.

Cheti cha kifo kikitoka hakipakiwi tu. Lazima kihakikiwe kwanza RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa mtandao, kama mlivyofanya cha kuzaliwa. Mkiskani, skani rangi, pembe zote nne zionekane. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole ndiyo inayorudishwa.

Ile "i": majina ya maombi ya mkopo na ya chuo yafuate cheti cha kidato cha nne. Cha kuzaliwa ndicho cha kurekebisha, si cha NECTA (Baraza la Mitihani). Kwa sasa nendeni kwa wakili mpate kiapo kwamba Athuman na Athumani ni mtu mmoja, kisha marekebisho kamili ya cheti mfanye taratibu hapo wilayani. Mkiwa pale kwa ajili ya cheti cha kifo, ulizeni yote mawili siku moja, nauli ni ile ile.

Finalisti

Nimekubali mwalimu, mzee. Nilikuwa naangalia tarehe tu. Dada usifuate nilichosema.

Mtoto wa Wete

Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa Unguja na Pemba: vyeti vyetu havihakikiwi RITA, vinapitia ZCSRA, wakala wa usajili wa Zanzibar. Mwaka wangu nilizunguka siku tatu kwa kutojua hilo.

Boom Limesoma

Mimi ni mwaka wa pili, nimepitia rufaa, na Mungu amenisaidia. Nilifanya kidato cha nne mara mbili, ya pili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikajaza namba moja tu ya mtihani, ile yenye matokeo mazuri. Mwongozo unasema uweke zote. Awamu ya kwanza jina halipo, ya pili halipo, wenzangu wanaripoti chuoni mimi nipo nyumbani natwanga mahindi. Nilikuja kupata kwenye rufaa, asilimia ndogo kuliko wenzangu wenye hali kama yangu. Kwa hiyo dada, rufaa ipo, lakini ni mlango wa nyuma wenye foleni.

Muulize dogo swali hilo hilo: amefanya mtihani mara ngapi? Na akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, athibitishe kimoja kwa wakati, maana mkopo unamfuata kwenye chuo alichothibitisha.

Jingine, jiandae na hela ya kuanzia. Pesa ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, ila inaingia baada ya kusajiliwa chuo na kusaini. Wiki mbili tatu za mwanzo anakula kwa mfuko wake.

Mama Wawili

Mdogo wangu, mimi nazungumzia mama yako tu. Nilikuwa yeye miaka mitatu iliyopita. Mjane, mtoto wa kwanza kaitwa chuo, naambiwa niweke sahihi. Usimwambie "mama usiogope". Kuogopa kwake kuna sababu, ameona mabati yanashuka.

Mwambie hivi. Kausha damu wanachukua rehani, wanadai kila wiki, na riba inapanda usiku umelala. Huu ni mkopo wa serikali kwa mwanafunzi. Hakuna hati ya nyumba inayoombwa kwenye fomu, hakuna mbuzi wala mabati yanayoandikwa. Anayedaiwa ni mtoto, tena baada ya kumaliza. Akiajiriwa, mwajiri anakata 15% ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka liishe. Ile tozo ya 6% iliyokuwa inalalamikiwa, ya kulinda thamani ya fedha, ilifutwa 2021.

Kisha msomee sehemu ya mdhamini neno kwa neno, usimfupishie. Mdhamini anabeba ahadi, na ana haki ya kujua ni ahadi gani. Mimi binti yangu alinisomea mara mbili jikoni, nikauliza, akajibu, ndipo nikaweka sahihi. Akiendelea kukataa, muombeni mjomba, wala msimnunie. Mdhamini si lazima awe mama.

Binti Masasi

Shikamoo mzee, shikamoo mwalimu, na Mama Wawili shikamoo. Nimesoma kila mstari. Nimepanda basi leo asubuhi, naandika nikiwa Nangurukuru. Nitarudi kuwaambia.

Mzee wa Newala

Marahaba binti. Safari njema. Ukifika umsalimie mama.

Binti Masasi

Wadau, ni siku ya tisa. Nimeona niandike kabla sijarudi Dar.

Steshenari alitoa neno la siri bila ugomvi, tukabadilisha simu. Mtendaji alitoa barua siku hiyo hiyo. Wilayani tulikwenda mara mbili, kwa sababu kitambulisho cha baba kilikuwa na mwaka tofauti wa kuzaliwa, tukarudi nyumbani kutafuta kadi yake ya zamani ya mpiga kura. Cheti cha kifo kimetoka kikiwa na "i" yake. Karani alinigeuzia kitabu nisome kabla hajapiga muhuri. Uhakiki wa RITA umejibu jana mchana. Kaya iko TASAF kweli, mama alikuwa na namba na hakujua kama inahusika. Dogo amefanya mtihani mara moja tu, Boom Limesoma ubarikiwe kwa kuuliza.

Mama nilimsomea barazani. Aliuliza maswali mawili. La kwanza, mtoto akikosa kazi itakuwaje? Nikamwambia ukweli, deni litabaki lake, atalilipa kwa biashara au kilimo akishapata kipato. La pili, kama jina la baba litakuwa kwenye karatasi hizo. Nikamwonyesha lilipo. Alikaa kimya kidogo, akafuta mikono kwenye khanga, akasema leteni huo wino.

Tumewasilisha jana saa nne usiku. Kibali halisi cha mazishi msajili alikihifadhi, lakini mama aliomba nakala. Iko kwenye ule mfuko wa nailoni, na cheti cha kifo nimekiweka kwenye bahasha ngumu nyuma ya picha ya baba ukutani.