Mjadala: Ngamia wa Mathayo 19 alipitia mlango gani?

Mkunazini74: Ndugu zangu, nina jambo linanikera tangu Jumapili. Mhubiri mmoja hapa Unguja (kanisa silitaji) alifika Mathayo 19:24, pale Yesu anaposema ni rahisi ngamia kupenya tundu la sindano kuliko tajiri kuingia ufalme wa Mungu. Akatwambia Yerusalemu palikuwa na mlango mdogo ukiitwa Tundu la Sindano. Ngamia akishushwa mizigo na kupigishwa magoti, anapita. Watu wakaitikia amina. Mlango huo hakuna mtu wa zama za Yesu aliyeutaja, ni maelezo yaliyozuka karne nyingi baadaye. Na someni aya inayofuata: wanafunzi walishangaa mno, wakauliza nani basi awezaye kuokoka. Mtu hushangaa hivyo kwa habari ya mlango mfupi? Mnasemaje?

Fundi Jahazi: Hapo shida ni tafsiri. Kigiriki kamelos ni ngamia, kamilos ni kamba nene ya chombo, sisi tunaita amari. Zimepishana herufi moja. Amari na uzi ni jamii moja, mfano unakaa. Ngamia na sindano wapi na wapi?

Mkunazini74: Fundi, nakala za kale kabisa zina ngamia. Hiyo kamilos imo kwenye nakala chache za baadaye. Halafu wewe uliyeshika amari maisha yako yote, inapita kwenye tundu la sindano?

Fundi Jahazi: Haipiti. Sikusema inapita. Nimesema mfano unakaa.

Bint Ukutani: Mie nashona kofia. Uzi ukifumuka ncha kidogo tu hauingii, naulamba mara tatu, nasogea dirishani, bado. Anayesema ngamia akipiga magoti ataingia hajawahi kutunga uzi siku moja.

Maalim wa Wete: Asalaam alaykum. Mie Muislamu, ila mfano huu sote tunao. Someni Al-A'raf, aya ya 40: wanaokadhibisha aya za Mwenyezi Mungu na kuzifanyia kiburi hawataingia Peponi mpaka ngamia apenye tundu la sindano. Na amari ya Fundi si ngeni kwetu; imepokewa kwamba Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alisoma "jummal", kamba nene ya chombo, badala ya "jamal", ngamia. Maana haibadiliki, ni jambo lisilokuwa. Lakini kwetu wanaosemwa ni wenye kiburi, hajatajwa tajiri. Nyie wenzetu wa bara ndio mnaohangaika na mali, kwa sababu wahubiri wenu wanakusanya.

Mjukuu wa Mbweni: Wa bara nani, maalim? Wazee wangu waliletwa hapa kwa minyororo, wakaachwa huru, wakakalishwa Mbweni na wamisheni wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, miaka ya 1870. Tumezaliwa hapa, tumezikana hapa. Kanisa la Mkunazini limesimama palepale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Askofu Steere wa misheni hiyo aliifasiri Injili kwa Kiunguja, si kwa lugha ya mahali pengine. Kila tukifungua mdomo kuhusu Biblia tunaambiwa twende kwetu. Kwetu wapi?

Maalim wa Wete: Sikusema mwende. Nimesema wa bara kwa maana ya wengi wenu.

Mjukuu wa Mbweni: "Wengi wenu" ndiyo hiyohiyo.

Kijana wa Tomondo: Na akiwa wa bara kuna kosa gani? Mimi natoka Tabora, nauza vitunguu Mwanakwerekwe, kodi nalipa. Turudi kwenye neno. Ibrahimu alikuwa tajiri. Yusufu wa Arimathaya alikuwa tajiri, na ndiye aliyempa Yesu kaburi. Mhubiri alikuwa anatutia moyo sisi tunaojitafutia. Mkunazini74, wewe una wivu tu na waliobarikiwa.

Mkunazini74: Wivu? Mdogo wangu, tajiri wa habari hii ni mimi. Nina duka Darajani na nyumba mbili za kupangisha. Mlango ule ulipotajwa nilipumua, nikajiona nimeshapita. Nikafika nyumbani nikafungua Luka. Sura ya 18 yule mtawala tajiri aliambiwa auze vyote awape maskini, akahuzunika sana. Sura ya 19 Zakayo, mtoza ushuru tajiri, akasimama akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Yesu akasema wokovu umefika nyumba hii. Yasiyowezekana kwa wanadamu yanawezekana kwa Mungu, na pale kwa Zakayo tunaona yalivyowezekana. Ukimpunguza ngamia hadi apite, Zakayo alitoa nusu ya nini, na kwa sababu gani?

Fundi Jahazi: Ngamia tunawajua. Zamani walikuwa hapa Mjini wakizungusha vinu vya mafuta, wamefungwa macho. Babu akisimulia.

Kijana wa Tomondo: Kaka, neno la wivu nalirudisha. Lakini mimi sina hata nyumba moja, usinihubirie nusu.

Bint Ukutani: Kakaangu Mkunazini, basi wapangaji wako umewafanyaje? Kodi umewapunguzia?

Mkunazini74: Bado. Mmoja ana deni la miezi minne, nimeshamwandikia barua ya kuhama. Sijaipeleka. Ninayo hapa mezani.

Mjukuu wa Mbweni: Maalim, mimi bado nakusubiri. Kwetu wapi?