Mavazi ya wazi kwenye gemu: PS4 niifunge vipi?

Mwenye chumba cha gemu, Himbi, Goma: Jambo bandugu. Natumia PS4, mashine ya gemu ya Sony. Wateja wangu ni watoto wa miaka 10. Nitajuaje gemu yenye wanawake nusu uchi kabla ya kuinunua?

Fundi Birere: Ndugu, tazama PEGI, alama ya Ulaya ya umri unaofaa kwa gemu, kwenye boksi: 3, 7, 12, 16 au 18. Ila mara nyingi damu ndiyo inayopandisha namba, si nguo. Gemu ya mapigano Mortal Kombat 11 (2019) iliwafunika wanawake kuliko ile ya 2011, na bado ni 18. Geuza boksi usome alama za nyuma zinazosema kilichomo.

Mtu wa Kadutu: Kwenye PS4 ingia mipangilio, udhibiti wa wazazi, vizuizi vya mfumo. Namba ya siri ya kiwandani ni 0000. Ibadilishe, watoto wanaijua! Kisha kataza watumiaji wapya na wageni, la sivyo wanakizunguka kizuizi.

Fundi Birere: Na mavazi ya ziada ya kununua ndani ya gemu, jalada halikuonyeshi.